JINA LA BEKI

Ndugu msomaji, kabla hujageuza ukurasa kukimbilia mashairi ya mapenzi, naomba unijibu swali moja. Usimwulize jirani. Nitajie wafungaji watatu wa timu yetu ya taifa ya wanawake, Twiga Stars. Umeshataja? Najua umeshataja. Clara Luvanga, Opa Clement, Aisha Masaka, Mwanahamisi Omary. Hata mama muuza mboga wa pale Kilombero, ambaye hajawahi kukanyaga uwanjani, hakosi jina moja au mawili aliyoyasikia redioni. Haya, sasa nitajie mabeki watatu.

Nakusubiri.

Swali hili nililipeleka kijiweni kwetu Kaloleni jioni moja. Walikuwepo machalii saba, wote wanaujua mpira mpaka wanakera. Ukiwataka wakupangie kikosi cha timu ya Uingereza cha miaka kumi iliyopita, wanakupangia kuanzia golikipa mpaka wa akiba. Wafungaji wa Twiga Stars wakatajwa kwa kupokezana. Ilipofika zamu ya mabeki, kimya. Mmoja akasema, "Si yule... yule mrefu." Mwingine akacheka, "Beki ni beki tu bwana, kazi yake kuosha." Usiku ule nilirudi nyumbani nikaanza kuandika makala hii, na mshitakiwa wa kwanza humu ndani ni mimi mwenyewe.

Hoja yangu ni hii. Kazi ya beki inajengwa kwa mambo ambayo hayakutokea. Bao ambalo halikuingia. Krosi ambayo haikufika. Fowadi ambaye dakika tisini zilipita hajapiga shuti hata moja. Jambo lililotokea lina mashahidi wengi, kwa sababu watu wanaruka na kupiga kelele. Jambo ambalo halikutokea haliwezi kujiandika lenyewe. Lisipoandikwa na mtu aliyekuwepo na akaliona, basi limekufa, na aliyelizuia lisitokee anakosa ushahidi wa kazi yake. Kwa beki wa kiume angalau kuna kamera, kuna watangazaji, kuna wazee wa kumsimulia. Beki wa kike wa mkoani ana sisi tu. Na sisi, tunaojiita waandishi chipukizi wa Arusha, kazi hiyo tumeitupa.

Naanza na dhambi yangu.

Nilikuwa sekondari, upande wa huku mlimani, ambako asubuhi za Julai ukisimama kwenye goli moja huoni goli la pili kwa ukungu wa Meru. Uwanja wetu ulikuwa na mteremko, na nahodha aliyeshinda kura ya shilingi hakuwa na haja ya kufikiri: alichagua kushambulia kwa kushuka. Mimi nilikuwa mhariri wa gazeti la ukutani. Nilikuwa na karatasi za manila, kalamu nene za rangi tatu, na kiburi cha mtu anayejua kwamba kila Jumatatu shule nzima itasimama mbele ya maandishi yake. Tulikuwa na timu ya wasichana, na katika timu hiyo alikuwepo namba nne.

Jina lake silitaji. Nilipomfuata kumwomba ruhusa ya kulitumia humu alinikatalia. "Lilipohitajika hukuliandika," alisema, "sasa la nini?" Basi nitamwita Namba Nne, na aibu ya kumwita hivyo naibeba mwenyewe.

Mama yake alikuwa anauza ndizi Tengeru. Namba Nne hakuwa mrefu, wala hakuwa na mbio za kutisha, lakini alikuwa anajua mpira utaangukia wapi kabla mpigaji mwenyewe hajaamua. Beki wa aina hii ana taabu moja kubwa: akicheza vizuri haonekani. Huwezi kumkuta anajitupa chini na kuchafua bukta. Fowadi anakimbia mpaka mahali pake, anakuta mtu keshafika. Watazamaji wanamzomea fowadi kwamba ni mzembe, au wanamlaumu mpiga pasi kwamba kapiga vibaya. Hakuna anayegeuka kumwangalia yule aliyewafanya wote wawili waonekane hawajui mpira.

Msimu ule tulicheza mechi tisa tukafungwa mabao mawili tu. La pili alijifunga mwenyewe. Ilikuwa mechi ya mwisho, iliyotutoa mashindanoni. Kona ilipigwa, mpira ukamgonga golikipa mikononi, ukamgonga Namba Nne ugokoni, ukaingia. Tukalala 1-0. Kabla ya hapo, katika mechi hiyo hiyo, alikuwa ametoa mipira mitatu kwenye mstari wa goli. Mimi nilikuwepo na niliiona yote mitatu. Jumatatu nikabandika manila ukutani: jina lake, la kwanza na la baba yake, kwa herufi kubwa nyekundu, na neno moja mbele yake: ATUZAMISHA.

Alikuja kusimama mbele ya ubao pamoja na wenzake. Alisoma mpaka mwisho. Halafu akanifuata darasani na kuniambia kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mwandishi, na ile mitatu niliyotoa mstarini hukuiona?" Nikajichekesha. Nikamwambia habari ni bao.

Miaka mitano ikapita. Siku moja akanigongea mlango, wakati huo nimepanga chumba Sakina. Kulikuwa na timu ya mkoa mwingine inatafuta beki, na mtu mmoja wa timu hiyo alikuwa tayari kumwita kwenye majaribio, ila alitaka kwanza kitu cha kuonyesha wakubwa wake. Alitaka video, au kipande cha gazeti, au chochote kinachosema msichana huyu alicheza wapi na alicheza vipi. Video hakuwa nayo. "Wewe si ndiye ulikuwa unaandika?" akaniuliza. "Zile karatasi bado unazo?"

Nilikuwa nazo. Nilizitoa chini ya kitanda, tukazitandaza sakafuni, manila tisa, nyingine zimeliwa na panya pembeni. Tukazisoma moja baada ya moja. Jina la mfungaji wetu lilikuwepo mara kumi na moja. Jina la winga, mara sita. Hata mwalimu wa michezo alikuwepo, hata mvua ilikuwepo. Jina la Namba Nne lilikuwepo mara moja, kwa herufi nyekundu.

Hakunigombeza. Aliikunja ile manila taratibu, akanirudishia, akasema, "Hii siwezi kuwapelekea." Majaribio yale hakuitwa.

Sisemi angeitwa kama ningeandika. Huenda asingeitwa hata angebeba gunia zima la magazeti. Ninachosema ni kwamba alistahili kwenda na kitu mkononi, na mtu pekee aliyekuwa na uwezo wa kumpa kitu hicho nilikuwa mimi, na nilimpa ushahidi wa kosa lake moja.

Sasa usije ukadhani haya ni ya wacheza mpira wa shule tu. Panda ngazi uangalie. Mwaka 2010 Twiga Stars walifuzu kwa mara ya kwanza fainali za Afrika, wakaenda Afrika Kusini. Kizazi kile kilikuwa na Sophia Mwasikili, beki, aliyevaa kitambaa cha unahodha wa taifa na aliyekwenda kucheza mpira Uturuki. Beki wa Kitanzania, mwanamke, kafunga safari hadi Uturuki kuajiriwa kwa ajili ya kuzuia. Nionyesheni hadithi fupi moja, shairi moja, barua moja kwa mhariri, iliyotoka kwa vijana wa jiji hili kumhusu.

Au mchukue Julietha Singano, beki wa kati. Alikuwa Simba Queens katika kile kipindi ambacho timu hiyo iliingia katika klabu nne bora za Afrika, kule Morocco mwaka 2022. Kutoka Simba Queens akaenda FC Juárez ya Mexico. Ciudad Juárez, jamani! Mji wa mpakani, ukivuka mto uko Marekani. Msichana wa Kitanzania anasimama kule katikati ya ngome, anawapanga wenzake kwa lugha ambayo hakuzaliwa nayo, maana beki wa kati asiyepiga kelele hajakamilika. Kwa Kihispania "toka" wanasemaje? "Nyuma yako" je? Neno la kwanza alilojifunza lilikuwa lipi? Hiyo ni riwaya nzima imekaa inasubiri mwandishi, na sisi tuko hapa tunaandika kwa mara ya mia habari za mvulana aliyeachwa na mpenzi wake stendi.

Najua mtakalosema. La kwanza mtasema, "Mpira ni magoli bwana." Sawa, twende kwa magoli. Mwaka 2016 Twiga Stars walichukua ubingwa wa Afrika Mashariki na Kati kule Jinja kwa kuifunga Kenya 2-1. Mwaka 2021 wakaenda kwenye mashindano ya Kusini mwa Afrika kama wageni waalikwa, wakaondoka na kombe kwa kuifunga Malawi 1-0. Oktoba 2022 wasichana wetu wa chini ya miaka 17, Serengeti Girls, waliifunga Ufaransa 2-1 kwenye Kombe la Dunia kule India wakafika robo fainali. Julai 2025, kwenye fainali za Afrika nchini Morocco, Twiga Stars walitoka sare ya 1-1 na Afrika Kusini, waliokuwa mabingwa watetezi.

Yatazame tena matokeo hayo, mtu wangu. 2-1, 1-0, 2-1, 1-1. Katika kila mechi, bao moja tu likiongezeka upande wa pili hadithi inageuka. Ushindi unakuwa sare, sare inakuwa kilio. Lile kombe la 2021 lilisimama juu ya bao moja. Enekia Kasonga alilifunga na tukalishangilia, na haki yake. Lakini kufunga ni kazi ya sekunde mbili. Kulilinda lile bao mpaka filimbi ya mwisho, na mpinzani kachachamaa anataka kusawazisha, ilikuwa kazi ya nani? Tulipokuwa tunasimulia kijiweni, sehemu hiyo tuliipa sentensi ngapi?

Tena ugonjwa huu si wa Arusha peke yake, ni wa dunia. Tuzo ya Ballon d'Or kwa wanawake ilianza mwaka 2018, na mpaka ile ya 2025 haijawahi kwenda kwa beki hata mara moja. Tuzo nyingine, ile ya FIFA ya mchezaji bora, mwaka 2020 ilimfikia Lucy Bronze wa Uingereza, beki wa pembeni, na watu waliona ni ajabu. Lakini kwa kuwa dunia nzima inaumwa, ndiyo sisi tusinywe dawa?

Na sisi wa hapa tuna ushahidi wetu mwingine, umo midomoni mwetu kila siku. Mtaani msichana wa kazi za ndani tunamwita nani? Beki tatu. Umeshalitamka mara ngapi jina hilo huku unacheka? Ebu likalie kidogo. Huyo ndiye anayeamka saa kumi kuwasha jiko. Mtoto hajaungua kwa sababu yeye yupo. Mwizi hajaingia kwa sababu yeye yupo. Maziwa hayajamwagika, ugali haujaungua, mgeni hajalala njaa. Nyumba nzima inasimama kwa mambo ambayo hayakutokea, na mwisho wa mwezi baba mwenye nyumba anauliza, "Kwani huyu anafanya nini kutwa nzima?" Siku sahani ikivunjika, hapo jina lake linaitwa mpaka majirani wanalisikia.

Wahuni wa mitaani waliobandika jina hilo walikuwa washairi kuliko sisi. Walisema kwa maneno mawili kitu ambacho mimi nahangaika nacho ukurasa mzima: kazi ya kulinda tumempa mwanamke, kisha tukamnyang'anya jina. Sasa fikiria beki wa kike uwanjani. Kadharauliwa mara mbili, kama beki na kama mwanamke. Na wengi wao wametoka moja kwa moja jikoni kwa watu kuja mazoezini. Beki tatu nyumbani, beki tatu uwanjani.

La pili mtasema, "Soka la wanawake halina watu." Asubuhi ya anga safi panda kidogo mitaa ya Sekei, utazame mashariki, utauona Kilimanjaro umevaa kofia yake nyeupe. Juni 2017 wanawake kutoka nchi mbalimbali walipanda mlima ule wakacheza mechi kamili karibu na kilele, mita 5,714 kutoka usawa wa bahari. Walikuwa wanadai wanawake wapewe nafasi sawa katika michezo. Hewa haba, uwanja ni majivu ya volkano, watazamaji ndio hao waliopanda nao. Unajua mechi iliishaje? 0-0. Hakuna aliyefunga! Lakini mechi ile iliingia kwenye vitabu vya rekodi na ikasomwa mabara yote, kwa sababu waliopanda walihakikisha inaandikwa na kupigwa picha. Mechi isiyo na watazamaji wala bao imekumbukwa kuliko mechi elfu za mabao sita sita. Basi kisingizio cha watu, na kile cha magoli, vyote viwili vimezikwa kwenye majivu yale. Kinachotakiwa ni mtu mwenye kalamu.

La tatu, na hili ndilo linaniuma zaidi kwa sababu linatoka kwa waandishi wenzangu: "Kuandika kutabadilisha nini? Mimi si kocha, sina timu, sitoi mkataba." Kwa hili sihitaji mfano wa mbali, nateremka mlima nije kwa wazee wetu wenyewe wa Meru.

Mwaka 1951 serikali ya mkoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki, ardhi ipewe walowezi. Nyumba zilichomwa. Wazee wakachanga fedha zao, wakamtuma kijana wao Kirilo Japhet avuke bahari. Mwaka 1952 akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, akaeleza yaliyowapata watu wake. Hakurudi na ardhi mkononi. Kwa hesabu za kijiweni, alifungwa. Lakini mwaka 1967 yeye na wakili Earle Seaton walichapisha kitabu kizima juu ya kesi ile, na hadi leo mtu yeyote anayetaka kujua namna Watanganyika walivyojifunza kudai haki yao lazima apite mlango wa Wameru. Ulikuwa ulinzi uliovunjwa, lakini uliandikwa, na kwa kuwa uliandikwa haukufa. Sisi ni wajukuu wa watu hao, tena tunakula loshoro ile ile, halafu tunauliza kuandika kutabadilisha nini?

Sifananishi mpira wa msichana na ardhi ya kabila. Nafananisha kalamu na kalamu. Huko kwenye soka mambo yanakwenda hivi. Timu inapomtafuta fowadi inauliza, "Kafunga mangapi?" Mwenyewe anajibu kwa tarakimu moja na mazungumzo yanaanza. Inapomtafuta beki inauliza, "Nani amemwona?" Jibu la beki ni watu, ni maelezo, ni mtu aliyekaa pembeni ya uwanja akaandika kwamba dakika ya 70 alifanya hili na dakika ya 82 akafanya lile. Tangu msimu wa 2016/17, ilipoanza Ligi Kuu ya Wanawake na Mlandizi Queens wakawa mabingwa wa kwanza, kuna mlango ambao kabla ya hapo haukuwepo kabisa. Msichana wa Ngaramtoni au Usa River leo anaweza kuota kulipwa kwa kucheza. Lakini mlango huo una mlinzi anayeuliza karatasi, na karatasi za beki zinatakiwa zitoke kwetu.

Tena tuna deni la pekee sisi wa mji huu. Uwanja wetu mkuu, huo unaoupita kila ukienda stendi, unaitwa Sheikh Amri Abeid. Ni wangapi kati yenu mnajua kwamba Sheikh Kaluta Amri Abeid alikuwa mshairi? Kabla ya kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Dar es Salaam kama meya, kabla ya kuwa waziri, mwaka 1954 alitoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi, kile ambacho walimu wetu wametupigia navyo vina na mizani mpaka tukachoka. Sijui kama kuna mji mwingine Afrika Mashariki ambao wacheza mpira wake wanakimbia ndani ya jina la mtunga mashairi. Kama kuna mahali kalamu na kabumbu vilifungishwa ndoa, basi ni hapa.

Na kwa mtu aliyesoma sheria zile, beki si mgeni hata kidogo. Beki ni mizani. Vina vinasikika, vinapigiwa makofi, kila mtu anaviona mwisho wa mstari, hao ndio mafowadi. Mizani nani anaihesabu? Ikitimia, nane kwa nane, shairi linatiririka na hakuna anayeitaja. Ipungue silabi moja tu, wazee wanaguna, "Guni hilo!" Namba Nne alinihesabia mizani mechi tisa bila kukosea. Ikapungua moja, ugokoni, nami nikalipigia kelele guni shule nzima. Mwanafunzi wa mashairi mimi!

Sasa kuna jambo liko mbele yetu. Mwaka 2024 ulianza ujenzi wa uwanja mpya kule Olmoti, wa watu 30,000, kwa ajili ya fainali za Mataifa ya Afrika za 2027 zilizopangwa kuchezwa hapa kwetu, Kenya na Uganda. Hizo ni fainali za wanaume. Mji utajaa, hoteli zitajaa, na kila mwenye kalamu ataandika mpira. Siwakatazi, na mimi nitakwenda kama nitapata tiketi. Ila naogopa kwamba katika kelele zile, wasichana wanaocheza chandimu kwenye vumbi la Unga Limited watazidi kuzama, na mabeki wao watakuwa chini kabisa ya waliozama.

Kwa hiyo nasema tufanye mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili. Kwanza, kila mmoja wetu achague timu moja ya wasichana ya mtaani kwake, anunue daftari, akae pembeni ya uwanja. Aandike tarehe, wapinzani, majina yote kumi na moja na wa akiba, na kila mara mpira unapookolewa aandike nani kauokoa na vipi. Majina yaandikwe sawasawa, mwulizeni mwenyewe anavyoliandika. Pili, mhariri wa jarida hili, ambaye najua anasoma hapa huku amekunja uso, atenge nusu ukurasa kila toleo kwa mechi moja ya namna hiyo. Shairi moja la mapenzi likipungua hakuna atakayekufa. Tatu, ninyi watunzi wa hadithi mnaolalamika kwamba hamna visa: nendeni mkazungumze na mabeki. Mtu ambaye kazi yake ni kubashiri mwenzake atafanya nini sekunde moja kabla hajafanya anawajua binadamu kuliko ninyi.

Mtakaosema haya ni makubwa mno kwa waandishi wachanga, mimi nawauliza: uandishi wenu mnautunzia nini? Kusubiri siku mtakayokuwa wakubwa ndipo muone watu? Jicho lisilomwona beki leo kwenye uwanja wa mtaani halitamwona mtu yeyote anayefanya kazi kimya. Halitamwona nesi wa zamu ya usiku, halitamwona mama wa Tengeru, wala halitamwona beki tatu wa nyumba yenu. Litabaki kuona waliofunga tu, na fasihi ya kuwaona waliofunga haina tofauti na kipaza sauti cha kampeni.

Namba Nne siku hizi anashona sare za shule Ngarenaro. Jumapili jioni anacheza na wavulana, na wavulana wale wamejifunza kutopita upande wake. Jumapili iliyopita nilikwenda na daftari. Sikumwambia. Nilikaa kwenye jiwe, nikaandika. Dakika ya 9, kaingilia pasi, kaanzisha shambulizi. Dakika ya 31, katoa mstarini kwa kichwa. Dakika ya 44, kasimama tu, na fowadi akarudisha mpira nyuma mwenyewe. Nilijaza kurasa tatu.

Mechi ilipokwisha aliniona. Akaja, akachukua daftari, akasoma akiwa amesimama, jasho linadondokea karatasi. Akafika mahali akasimamisha kidole.

"Hapa umekosea," akasema. "Dakika ya 31 sikutumia kichwa. Ilikuwa bega."

Nikakata neno kichwa, nikaandika bega.